Mbalamwezi ndo ilikuwa inanimaliza: nilivyoacha gongo mwaloni

Kazi yangu ni dagaa, nanunua wabichi hapa Igombe, Mwanza, naanika, wakikauka napeleka soko la Mwaloni Kirumba. Na kwa miaka mingi nilikuwa mlevi, sisemi bia mbili za jumapili, nasema gongo asubuhi kabla hata ya kunawa uso ili mikono itulie nianze kazi. Nilianzia kwenye viroba, zile pombe kali za pakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nikahamia gongo, huko ndo nikazama kabisa. Na mwanamke akilewa hasemwi kama mwanaume, mwanaume ataambiwa kachoka na kazi, wewe utaitwa malaya, kwahiyo unajificha ndani na kikombe cha chai ambacho hakina chai.

Kwanza niseme hili maana linaua watu. Mtu anayekunywa kila siku kwa miaka asiamke tu akasema leo naacha akajifungia ndani. Mimi nilijifungia hivyo, nikaanguka degedege mbele ya wanangu, majirani wakasema mashetani, wakaanza kutafuta mtu wa kuniombea, dada yangu ndo akakataa akanipakiza kwenye boda yeye akakaa nyuma kunishikilia mpaka hospitali. Daktari akatueleza kwamba ubongo ukishazoea pombe ukiikata ghafla unavurugika, siku 2 au 3 za mwanzo mtu anaweza kupata degedege, kuona vitu ambavyo havipo, jasho na homa, na wengine wanakufa kabisa. Nikapewa dawa za kutuliza na vitamini B1, nikalazwa mpaka mtetemo ukapungua. Basi hospitali kwanza jamani, maombi yaende sambamba. Na zile dawa za kumwekea mtu kwenye mboga kwa siri ili aichukie pombe acheni kabisa, akinywea pombe juu yake bila kujua mnaweza kumuua.

Mwili ukatulia, sasa kuacha kwenyewe ndo kukaanza.

Anayewajua dagaa wetu anajua wanavuliwa usiku wa giza, taa ndo inawavuta juu. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, mitumbwi inapaki siku kadhaa mfululizo, mahesabu yanapigwa, watu wanalipwa, yaani mwalo mzima, huku ufukweni mitumbwi inakopaki, una hela na hauna cha kufanya. Mimi wakati wa giza nilikuwa nakaa vizuri tu maana kuanika kunachosha unalala kama umezimwa, nilikuwa naanguka mbalamwezi, kila nikirudia pombe ukiangalia juu mwezi umejaa. Siku nilipoliona hilo nikaanza kupanga mapema, mbalamwezi ijayo nitakuwa wapi, na nani, na hela yangu itakuwa kwa nani.

Kuna nesi pale hospitali aliwahi kunisimulia habari ya Mmarekani mmoja, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa New York, mlevi aliyekuwa ameacha juzijuzi tu. Mwaka 1935 alienda mji wa Akron kwa dili, dili likafa, akabaki hotelini peke yake anasikia watu wanachangamka baa. Akapiga simu makanisani, anatafuta mlevi mwingine wa kuongea nae, maana alijua asipoongea na mlevi mwenzake atakunywa. Akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, na huyo daktari pombe yake ya mwisho inahesabiwa kuwa ya tarehe 10 Juni mwaka huohuo. Wao ndo walioanzisha vile vikundi vya walevi walioacha ambavyo sasa vipo dunia nzima. Ile habari iliniingia sana. Nikasema na mimi natafuta wa kwangu.

Wa kwanza alikuwa kijana wa mtumbwini, alikuja kwangu alfajiri anaomba hela ya kuzimua, yaani pombe ya asubuhi ya kutuliza ulevi wa jana. Sikumpa hela, nilimpa uji, na nikamjazia nusu kikombe tu maana mikono yake naijua, ukimjazia pomoni utamwagika atajiona hafai mbele za watu ataondoka. Akamaliza, nikaongeza nusu nyingine. Sikumhubiria chochote, nilimweleza degedege yangu ilivyokuwa, asubuhi hiyohiyo tukaenda nae hospitali.

Wakaongezeka wengine, siku hizi mbalamwezi ikifika tunakaa kwangu, kuna wanaoshona nyavu, kuna wanaopika, wengine wanalala tu kwenye mkeka na ni sawa, mradi hayuko kibandani kwa muuza gongo. Siku ya mahesabu mmoja wetu anasimama na mwenzake palepale ufukweni, hela inatumwa kwa mke au mama kwa simu kabla hajapiga hatua, anabaki na ya chakula. Tajiri mmoja, mwenye mitumbwi, alituona wasumbufu mwanzoni, sasa anatuita mwenyewe. Akirudia mtu hatumsemi, tunamfuata na chupa ya chai, tukimkuta hawezi kusimama tunakaa nae hapohapo. Kuna mama alinijia analia, shikamoo nikampa hakuitika hata, anataka nimwapishe mwanae kwa Biblia. Nikamwambia mama yangu, viapo ameshakula vingi na kila akivivunja anaona aibu, anakunywa zaidi, mlete tu mbalamwezi.

Shida iliyobaki ni visiwani. Kwenye kambi za uvuvi huko hakuna kikundi wala hospitali ya karibu, na vijana wanakaa miezi. Tunatumiana voisi mtandao ukishika. Yule kijana wa uji sasa hivi yuko kambi moja huko, juzi kanitumia ujumbe anauliza sufuria la kupikia uji wa watu sita linapatikana bei gani Kirumba, nimtumie kwa boti ya ijumaa.