Kitambi kimeshushwa na kunde na kiporo, si dawa ya kusafisha utumbo

Nianze na zile chupa. Hapa Tabora mtu akilalamika kidogo tu kwamba suruali inabana, atatokea wa kumuuzia dawa ya "kusafisha utumbo", na bei yake si ya kitoto. Kazi ya dawa hiyo ni moja, kuharisha. Kilo mbili zinazopotea usiku ni maji na kinyesi, na zinarudi ukishakunywa na kula. Mafuta ya kitambi hayajaguswa. Mimi nimefanya kinyume: bakteria waliomo tumboni nimewalisha badala ya kuwafukuza. Uzito umeshuka polepole, kiuno kimeshuka zaidi, na ile njaa ya saa nne asubuhi iliyokuwa inanipeleka kwenye maandazi imekwisha.

Kwa nini kuwalisha? Mwaka 2004 kundi la mtafiti wa bakteria wa tumbo Jeffrey Gordon, kule St. Louis, Marekani, lilichukua panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja, likawapandikizia bakteria wa panya wa kawaida. Katika wiki mbili mafuta ya mwili yaliongezeka kwa asilimia 60 hivi, na panya wenyewe walikuwa wanakula kidogo kuliko kabla. Wengi wakisikia hivyo wanasema, basi bakteria ndio wanenepeshaji, waoshwe! Hawafiki kwenye jaribio la 2013 la maabara hiyohiyo. Kilichukuliwa kinyesi cha wanawake mapacha, mmoja mnene, mwenzake mwembamba, kikapandikizwa kwa panya. Waliopewa cha mnene wakajaza mafuta. Walipowekwa kizimba kimoja na waliopewa cha mwembamba, hawakunenepa tena, maana panya hula mavi ya wenzao na bakteria wakahama bila nauli. Lakini haya yalitokea kwenye chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo. Chakula kilipokuwa cha mafuta mengi, na matunda na mboga kiduchu, bakteria wa mwembamba hawakushika. Kwa hiyo anayekuuzia vidonge vya bakteria bila kuuliza unapika nini anakuuzia mbegu wakati shamba huna.

Nyuzinyuzi, ambazo mabwana lishe huziita makapimlo, sisi wenyewe hatuwezi kuzimeng'enya. Zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wanazichachusha, wanatoa asidi ndogondogo: asetiki, propioniki na butiriki. Butiriki ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizi pia huamsha seli zinazotoa homoni za GLP-1 na PYY, ambazo hupunguza mwendo wa chakula tumboni na kuuarifu ubongo kwamba umeshiba. GLP-1 ndiyo inayoigwa na zile sindano za kupunguza uzito zinazovuma siku hizi, ila usitegemee bakuli la kunde likufanyie kazi ya sindano. Nguvu yake ni ndogo mno ukilinganisha. Bakteria wakikosa nyuzinyuzi hawafi wote njaa. Baadhi yao wanageukia ute unaolinda ukuta wa utumbo na kuanza kuula.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Ukila sembe nyeupe, wali na nyama choma, hufiki. Kikombe cha kunde zilizopikwa kina gramu 11 hivi, choroko 15 hivi, unga wa dona gramu 7 kwa kila gramu 100, na unga wa mtama usiokobolewa hauko mbali na dona. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ambao bakteria wao watafiti wamewachunguza sana, wanakula mara nne ya kiwango hicho cha 25 na kuzidi, kwa mizizi, matunda pori na ubuyu. Mimi sikuchimba mizizi. Sembe niliibadilisha kwa dona na mtama kwa zamu, na kunde au choroko zikaingia kila siku. Gharama ilishuka, hasa nilipoacha soda.

Sasa gesi. Ushauri wa hovyo kuliko wote ni huu wa "anza leo, kula maharage sahani nzima." Bakteria wa mtu aliyezoea sembe hawajazoea mzigo huo, tumbo litaunguruma, utajamba kwenye daladala, na kesho yake utatangaza kwamba mikunde haikupatani. Anza na vijiko vitatu vya kunde kwa mlo, wiki nzima. Wiki inayofuata nusu kikombe, kisha kikombe. Loweka jioni kwa maji mara tatu ya kunde, kwa muda wa saa kumi na mbili, umwage. Chemsha dakika kumi, umwage tena, ndipo upike kwa maji mapya. Maji unayomwaga yanaondoka na sehemu ya sukari za rafinozi na stakiozi, ambazo ndizo hasa zinazoleta gesi. Magadi yanalainisha upesi lakini yanaharibu vitamini B1, mimi siyatii. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu dakika kumi kabla ya kuyapunguzia moto, maana yana sumu ambayo moto wa pole hauiui, utatapika. Na maji ya kunywa uyaongeze. Nyuzinyuzi bila maji zinafunga choo.

Ujanja ninaojivunia ni wa kiporo. Wanga uliopikwa ukapoa hujipanga upya, sehemu yake inakuwa ngumu kumeng'enywa na inateremka hadi kwa bakteria. Kuupasha moto baadaye hakuondoi faida yote. Nachemsha viazi vitamu jioni na maganda yake, navipoza, asubuhi navila na chai isiyo na sukari. Ugali wa dona wa jana nao unafaa sana, na waliozoea kucheka wala kiporo wacheke tu. Ila wali usiuache mezani. Una mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus zinazostahimili kuchemshwa, na kwa joto la Tabora la Oktoba zinaota usiku huohuo. Kama huna friji, achana na kiporo cha wali kabisa. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni mazuri, lakini kwa kukauka sukari yake imejikusanya. Konzi moja inatosha, usile kama bisi.

Kilichonitoa jasho ni maziwa ya mgando. Niliambiwa na mtu anayejiita fundi nitie mbegu, yaani mgando wa kugandishia, maziwa yakiwa bado ya moto "ili yashike upesi." Yalishika kweli! Asubuhi sufuria ilikuwa na mabonge yenye matundu, machungu, na harufu iliyomfukuza hata paka. Fundi akasema ng'ombe ndiye mbaya. Ng'ombe hakuwa na kosa. Bakteria wa mgando wanakufa kwenye joto lile, uwanja unabaki kwa mbegu sugu za bakteria wengine zilizovuka mchemko, nazo zinagandisha maziwa bila kuyatia uchachu. Na usikimbilie kugandisha maziwa mabichi ili kukwepa kazi. Brusela, ugonjwa wa homa utokao kwa mifugo, na kifua kikuu cha ng'ombe hupita humo. Chemsha, kisha acha yapoe mpaka tone likidondoshwa ndani ya kifundo cha mkono lisichome. Kwa lita moja tia vijiko vinne vya mgando mzuri usiotiwa sukari, koroga taratibu, funika, usitikise. Oktoba yanashika usiku mmoja. Juni na Julai zungushia sufuria blanketi na usubiri karibu siku nzima. Ukiona matundu na uchungu, mwaga, na mbegu usiihifadhi.

Bakteria wa mgando wengi wanapita tu, hawapangi tumboni, ndiyo maana nakunywa kikombe karibu kila siku badala ya dumu zima Jumamosi. Mboga nazo zizungushe: leo mlenda, kesho majani ya kunde, keshokutwa kisamvu. Kila aina ya bakteria ina chakula inachokipenda, na mboga moja mwaka mzima inalisha kabila moja.

Dawa za antibayotiki usinywe kwa kila mafua. Haziui virusi, zinaua bakteria uliokuwa unawalisha, na wengine huchukua miezi kurudi. Ukiandikiwa kwa ugonjwa unaozihitaji, maliza dozi yote, kisha rudi kwenye kunde kwa vijiko vitatu vitatu kama mwanzo, kwa sababu gesi nayo itarudi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asikate sembe ghafla kabla ya kuongea na daktari wake. Dozi ileile kwenye chakula chenye wanga kidogo inaweza kushusha sukari yake kupita kiasi na kumwangusha.