Ngata ya Bibi na Wapiganaji Tusiowajua

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kushika bunduki, wala hata siku moja hakujiita mpigania uhuru. Alikuwa mkulima wa muhogo na korosho katika kijiji kilichopo mabondeni, chini ya Newala, upande ule ambao ukisimama kwenye genge la Shimo la Mungu unauona ukijinyoosha hadi kwenye mto Ruvuma na kuendelea ng'ambo, Msumbiji. Kitu kimoja tu alichokitunza kutoka enzi hizo ni ngata, kipande cha kanga kuukuu kilichosokotwa na kukazwa mpaka kikawa kigumu kama kamba ya mashua. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni ya kutekea maji. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu wa historia hapa Mtwara ndipo aliponieleza kwamba katika miaka ya vita vya Msumbiji, usiku wa giza, yeye na wanawake wenzake walibeba juu ya ngata hizo masanduku ambayo hawakuruhusiwa kuuliza yana nini, wakayashusha kwenye matete ya ukingoni na kurudi nyumbani kabla ya jogoo wa kwanza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitazama historia ya mkoa huu kwa jicho jingine. Wanafunzi wangu wote wanalijua jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji huru, na wengi wanamjua Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliyeuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Nikiwauliza ni nani aliyemfundisha kijana wa Mueda kutembea porini bila kuacha nyayo, au ni nani aliyemfunga kidonda alipoletwa Mtwara akiwa anavuja damu, darasa zima linanyamaza. Siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewaambia, na mimi mwenyewe nilifundisha miaka mingi bila kuwaambia.

Ni lazima nianze na sababu iliyowaleta watu hawa kwetu. Tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno waliwafyatulia risasi wananchi waliokusanyika Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, kudai haki zao. Wamakonde wa upande ule na wa upande huu ni ndugu, wengi wao walikuwa wakivuka kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na habari za Mueda ziliingia katika nyumba zetu kama habari za msiba wa ukoo. FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita vilipoanza Chai, katika jimbo la Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, wakimbizi walimiminika kusini mwa nchi yetu. Wengine walipewa ardhi Rutamba, mkoani Lindi, wakafyeka pori na kulima. Miongoni mwao walikuwamo vijana walioacha majembe na kwenda Nachingwea.

Kuhusu Nachingwea nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa shule. Kambi ya FRELIMO ilikuwa mahali panapoitwa Farm 17 hadi leo, jina lililobaki kutoka kwenye mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza ulioanza 1947 na kufa 1951, ukituachia bandari ya Mtwara na njia ya reli ambayo nayo haikudumu. Mashamba yaliyoshindwa kutoa karanga yakatoa wapiganaji. Kwanza FRELIMO iliwapeleka vijana wake Algeria kupata mafunzo, na waliorudi wakawa wakufunzi wa wenzao, kwanza Kongwa, mkoani Dodoma, kisha Nachingwea. Samora mwenyewe alikuwa mmoja wa waliorudi. Kabla ya hapo alikuwa muuguzi katika hospitali ya Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, na ninaamini kabisa kwamba uuguzi ule haukumtoka alipokuwa mkufunzi, kwa sababu kambi aliyoijenga haikufundisha kulenga shabaha peke yake. Wapiganaji walilima chakula chao, walijifunza kusoma na kuandika, na walichanganywa kwa makusudi, Mmakonde akala sahani moja na Mmakua, Mnyanja na Mshangana, watu ambao Wareno walikuwa wamewazoeza kutazamana kwa shaka. Baadaye walikuja pia wakufunzi kutoka China.

Hata hivyo, aliyeongoza idara ya ulinzi kabla ya Samora hatajwi sana huku kwetu. Aliitwa Filipe Samuel Magaia. Yeye ndiye aliyekuwa na jukumu la kuwapanga vijana wale wa mwanzo, wachache na wenye silaha haba, wakati ambapo hakuna aliyejua kama vita vitadumu mwaka au miongo. Aliuawa Oktoba 1966, ndani ya Msumbiji, katika jimbo la Niassa, na Samora akashika nafasi yake. Kazi ya mwanzo, ile ya kupanga kitu ambacho bado hakipo, ni ngumu kuliko zote, na mara nyingi aliyeifanya hufa kabla ya picha kupigwa.

Sasa niwazungumzie wanawake, kwa kuwa ndio walionifanya niandike. Mwaka 1967 wasichana 25 waliingia kambi ya Nachingwea kupata mafunzo ya kijeshi, na kutoka kwao kikazaliwa Kikosi cha Wanawake, ambacho kwa Kireno kiliitwa Destacamento Feminino. Msomaji aliyekulia Mtwara au Lindi ataelewa uzito wa jambo hilo bila mimi kumweleza zaidi. Huku kwetu msichana aliyetoka unyagoni alijua njia yake inaelekea wapi, na wazee wengi wa Cabo Delgado waliona ni fedheha binti avae suruali, alale kambini na abebe bunduki mbele ya wanaume wasio ndugu zake. Uongozi wenyewe uligawanyika juu ya suala hili. Wasichana hao walikwenda katika vijiji vilivyokombolewa, wakakaa na akina mama jikoni na shambani, wakazungumza nao kwa lugha yao, wakawaeleza kwa nini vita vinapiganwa na kwa nini mwanamke hana budi kuwamo. Walibeba silaha kutoka mpakani hadi ndani, walilinda vijiji, walilea watoto waliofiwa na wazazi. Mmoja wao, Marina Pachinuapa, Mmakonde wa Mueda, aliingia katika mapambano akiwa bado msichana mdogo.

Mwingine alitoka mbali zaidi. Josina Muthemba alizaliwa tarehe 10 Agosti 1945 Vilanculos, katika jimbo la Inhambane, kusini kabisa ukilinganisha na huku. Mwaka 1964 alitoroka na wanafunzi wenzake wakitaka kufika Tanganyika, wakakamatwa Victoria Falls, katika Rhodesia ya wakati huo, Zimbabwe ya leo, wakarudishwa na kutiwa gerezani. Alipoachiwa alitoroka tena, na mara hii akafika Dar es Salaam. Alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi, akaikataa, akachagua Nachingwea. Ninawasimulia wanafunzi wangu wa kike habari hii kila mwaka, na kila mwaka yupo anayeniuliza kwa mshangao, "Mwalimu, aliacha kweli Ulaya akaja Nachingwea?" Ndiyo, aliacha, akiwa na umri wa miaka ishirini na ushei. Katika mkutano mkuu wa pili wa FRELIMO, Julai 1968, alisimama kutetea wanawake washirikishwe kikamilifu katika mapambano. Mwaka uliofuata alikabidhiwa idara ya masuala ya jamii, na kazi yake ikawa vituo vya watoto, afya na elimu kaskazini mwa Msumbiji. Mei 1969 alifunga ndoa na Samora huko Tunduru, na mwishoni mwa mwaka huo akajifungua mtoto wa kiume. Aliendelea kutembea kwa miguu Cabo Delgado na Niassa ilhali mwili wake ulikuwa umekwisha kuchoka, na tarehe 7 Aprili 1971 alifariki Dar es Salaam kwa ugonjwa, akiwa na umri wa miaka 25. Alizikwa makaburi ya Kinondoni, na baadaye mabaki yake yakapelekwa Maputo. Nchini Msumbiji tarehe hiyo ni Siku ya Mwanamke. Hapa Mtwara, saa chache kwa barabara kutoka kambi aliyofunzwa, inapita kama siku nyingine yoyote, na siku hiyo ni sikukuu yetu ya Karume, kwa hiyo hata shule zimefungwa. Jambo hili linaniuma.

Si kila aliyekufa aliuawa na Mreno. Paulo Samuel Kankhomba, mmoja wa makamanda wa juu wa operesheni, aliuawa tarehe 22 Desemba 1968 akivuka Ruvuma kwenda Cabo Delgado. FRELIMO iliwatuhumu watu wa Lázaro Nkavandame, aliyekuwa mwenyekiti wa jimbo hilo, na mwaka uliofuata Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno. Ugomvi ulihusu biashara ya maeneo yaliyokombolewa, madaraka ya wazee, na hata suala lile lile la wasichana kwenda vitani. Bibi alikumbuka kwamba msimu huo mizigo ilisimama kwa muda, na kwamba waliambiwa wasiitikie wito wa mtu wasiyemfahamu sauti, hata akiwa anazungumza Kimakonde safi. Nilipomsomea tarehe ya kifo cha Kankhomba alitikisa kichwa tu, akasema, "Kumbe ndiyo hiyo."

Majeruhi waliletwa Mtwara. FRELIMO ilikuwa na hospitali yake mjini hapa, iliyopewa jina la Dk. Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa mwaka 1968 akiwa msituni pamoja na wapiganaji wa MPLA, chama cha ukombozi wa Angola. Fikiria safari ya mtu aliyekanyagia bomu la ardhini katikati ya Cabo Delgado: siku kadhaa juu ya machela mabegani mwa wenzake, kwa njia za msituni, mchana wakijificha na usiku wakitembea, kisha mtumbwi, kisha gari katika barabara ya mchanga. Aliyefika akiwa hai alikuwa ameokolewa na watu kumi au ishirini kabla daktari hajamgusa. Mzee mmoja wa Chikongola, ambaye ujanani alifanya kazi ya usafi hospitalini humo, aliniambia kwamba jambo lililomshinda kusahau ni miguu ya waliobeba machela, iliyovimba na kupasuka, na kwamba wengi wao walikunywa maji, wakalala saa chache chini ya mwembe, wakaondoka tena kurudi kuchukua wengine.

Mizigo haikwenda upande mmoja. Kutoka maeneo yaliyokombolewa zilikuja korosho, karanga, ufuta na vinyago, na kutoka kwetu zilikwenda chumvi, nguo, majembe na dawa, pamoja na yale masanduku. Mwaka 1970, Jenerali Kaúlza de Arriaga, kamanda wa majeshi ya Kireno Msumbiji, alipoanzisha operesheni kubwa yenye maelfu ya askari, ndege na helikopta kuvunja kambi za kaskazini na kuziba njia za kutoka Tanzania, alichotaka kuikata ni njia hiyo hiyo ya vichwa vya watu. Vijiji vyetu vya mpakani vilikwisha kuonja mabomu na mabomu ya ardhini. Njia haikukatika. Tarehe 7 Septemba 1974 ulisainiwa mkataba wa Lusaka kati ya Ureno na FRELIMO, na Mei 1975 Samora alivuka Ruvuma kuanza safari yake ndefu hadi Maputo, ambako uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni 1975.

Naliendele, nje kidogo ya mji wetu, wamezikwa wanajeshi wa Tanzania waliopoteza maisha kwa ajili ya Msumbiji, na kila nipitapo pale nasimama. Waliozikwa pale wana makaburi yanayotunzwa, na ni haki yao. Waliobeba hawana hata orodha. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka katika ofisi moja daftari lenye maelezo ya wazee kumi na wanne niliowahoji, nikiomba yahifadhiwe, nikajibiwa kwamba watu hao hawakuwa na vyeti vya kuthibitisha utumishi wao. Nililirudisha daftari nyumbani. Wazee tisa kati ya hao wamekwisha kufariki, bibi akiwa mmoja wao. Nimenakili yote upya, na kwa idhini ya familia zao nitaanza kuyaweka hapa moja baada ya jingine, kwanza la mama mmoja wa Kitaya aliyekuwa akipika uji wa wavukaji.

Mara ya mwisho nilipozungumza na bibi juu ya mambo haya nilimwuliza kama aliwahi kumjua yeyote kati ya waliopokea masanduku. Alisema alimjua binti mmoja tu wa ng'ambo, wa rika lake, mwenye sare kubwa kuliko mwili wake. Hawakuambiana majina, maana walikatazwa. Binti yule alitwikwa sanduku pamoja na ngata ya bibi, akaenda nayo, na safari iliyofuata alimrudishia bibi ngata mkononi, imefuliwa na kukazwa upya. Walifanya hivyo kwa misimu miwili. Kisha usiku mmoja akaja mwingine, mvulana, akampa bibi ngata bila kusema neno, na bibi hakuuliza.