Mkalimani wa Mama Mkwe

Tamthilia za Kikorea za mapenzi ya kisasa haziangaliwi na mama mkwe. Hilo naliweka mbele kabisa. Wapendanao wanaweza kuzungushana mpaka sehemu ya nane bila hata kushikana mikono, ukajisahau, ukamkaribisha mkweo sebuleni. Ghafla theluji inaanguka, muziki unapanda, watu wanabusiana, na kamera inawazunguka pande zote ili asibaki mtu ambaye hajaona. Hapo rimoti huioni ilipo.

Kwa hiyo mama mkwe alipokuja Dar kutoka Pangani kutibiwa goti, na mume wangu yuko zamu za usiku, nilichagua ya kihistoria: Dae Jang Geum, iliyorushwa na kituo cha MBC cha Korea Kusini kuanzia 2003 hadi 2004. Ina sehemu 54, haina mambo ya kukimbizana sebuleni, na karibu nusu yake ya kwanza ni habari za jikoni kwa mfalme. Mama kapikia watu maisha yake yote, kuanzia mgahawani hadi kwenye shughuli. Nikasema hii ndiyo yenyewe.

Shida ilikuwa lugha. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na Mama Kiingereza hasomi. Muvi za kutafsiriwa hazitaki kabisa: “Huyo anasema ya kwake, wenzake wala hawajasema hivyo.” Ikabaki kazi yangu.

Kusoma kila mstari hakufai. Ukimaliza wa kwanza, wenyewe wameshajibizana mara tatu. Nilichofanya ni kuangalia sehemu ya siku hiyo peke yangu mchana huku nakunja nguo, jioni namwambia lile la maana tu, “Huyu anamsingizia mwenzake kwa mfalme,” kisha nanyamaza. Bahati nzuri Wakorea hawana haraka na uso wa mtu. Akiambiwa neno baya, kamera inakaa naye mpaka macho yajae machozi, nawe unapata nafasi ya kusema lako na kumeza mate.

Majina Mama hakuhangaika nayo. Wanawake wa jikoni kwa mfalme wamevaa sare, nywele wamefunga namna moja, utawajua kwa vitendo. Bibi Choi akawa Fitina. Bibi Han, anayemlea na kumfunza Jang-geum, mhusika mkuu, akawa Somo. Jang-geum mwenyewe akabaki “mtoto” hata alipokuwa mtu mzima.

Kuna pale Somo anapomwagiza mtoto maji ya kunywa. Mtoto analeta, yanakataliwa. Analeta tena, yanakataliwa tena, na haambiwi kosa. Mwisho, badala ya kukimbilia maji, anauliza: tumbo linakuuma? Choo umepata? Koo je? Akijibiwa kwamba koo linasumbua, analeta maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo na kumwomba anywe polepole.

“Simamisha hapo,” Mama akasema. Nikasimamisha. “Mgeni humuulizi atakula nini. Unamtazama kwanza anavyokaa.” Akaniambia rudisha nyuma, akaangalia tena. Kesho yake asubuhi akaingia jikoni na mkongojo wake, akanionyesha anavyokuna nazi ya samaki wa kupaka na tui lipi linatangulia. Miaka yote kabla ya hapo, chakula changu alikuwa anakisifia kwa neno “umejitahidi”.

Sehemu Somo anayokufa niliiona mchana, nikalia zangu nikamaliza. Anapelekwa uhamishoni kisiwa cha Jeju, hajiwezi, mtoto kambeba mgongoni. Jioni nikafungua mdomo nianze kueleza. Mama akaniangalia mara moja tu. “Hapa usinitafsirie.”

Kuanzia siku hiyo, kabla hata sijawasha, swali likawa moja: “Fitina bado yupo tu?” Yupo, Mama. Anasonya, anakaa. Na mimi nadhani hapo ndipo tamthilia hizi zinapomkamata mtu asitoke. Dhuluma unaiona mapema, haki inacheleweshwa mpaka unataka kuingia ndani ya runinga, lakini hadithi ina mwisho wake. Nyingi za kisasa ni sehemu 16 tu. Kuna nyingine kwenye king'amuzi, za nchi nisizozitaja, mwigizaji anabadilishwa, mtoto anazaliwa, anaolewa, na bado mwizi wa sehemu ya kwanza hajulikani.

Aliniuliza kama huyo mtoto, Jang-geum, alikuwepo kweli. Nikamwambia kumbukumbu za enzi ya Joseon, ufalme wa Korea ya zamani, zinamtaja mganga mwanamke wa jina hilo, aliyemhudumia Mfalme Jungjong, aliyetawala kuanzia 1506 hadi 1544. Ni mistari michache, mengine watunzi wamejaza. “Wamejaza vizuri,” akasema, na Fitina alipopata yake, akaagiza juisi ya ukwaju.

Goti lilipotulia akarudi Pangani na flashi niliyomjazia tamthilia nyingine ya Kikorea, Jumong, sehemu 81. Anasomewa na mjukuu aliye kidato cha pili. Juzi kanipigia, salamu hazijaisha vizuri: “Mkwe wangu, zungumza na huyu mtoto. Anasoma kila kitu, hanyamazi.”