Hukumu ya mahakama haikutosha: tulivyomwasili mtoto yatima na kumleta Marekani

Mimi na mume wangu ni raia wa Marekani, na mtoto tuliyemwasili alizaliwa katika nchi ambayo haijajiunga na Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu uasili wa kimataifa. Kwa sababu hiyo jalada letu lilipitia fomu za uhamiaji wa Marekani I-600A (maombi ya awali ya wazazi) na I-600 (maombi ya kumtambua mtoto kuwa yatima), si zile za I-800 za nchi wanachama. Wengi hudhani kwamba mahakama ya nchi ya mtoto ikishatoa hukumu ya uasili, viza hufuata yenyewe. Haifuati. Uhamiaji huuliza swali lake: je, mtoto huyu ni yatima kwa sheria ya Marekani? Yaani wazazi wake wamefariki, wametoweka au wamemtelekeza, ama mzazi pekee aliyebaki hana uwezo wa kumlea na ameridhia kwa maandishi, bila nafasi ya kutengua, aasiliwe na kuhama.

I-600A tuliipeleka kabla ya kupewa mtoto, pamoja na ripoti ya afisa ustawi wa jamii aliyekagua nyumba yetu na kutuhoji kuhusu mapato, afya na hata malezi tuliyoyapata sisi wenyewe. Hatua hiyo haikutusumbua.

Kilichotutoa jasho ni vyeti. Jina la mama katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto lilitofautiana kwa herufi moja na lile la cheti chake cha kifo, na nafasi ya baba ilikuwa tupu. Kwa kuwa ofisa wa ubalozi hufanya uchunguzi wake kabla ya kutoa viza, wakili alitushauri tusingoje kuulizwa: bibi mzaa mama akaapa mbele ya hakimu kwamba majina yale ni ya mtu mmoja, na uongozi wa kijiji ukaandika kwamba baba hakuwahi kujulikana. Bibi alihojiwa tena ubalozini, na maelezo yake yakalingana na karatasi. Uchunguzi huo unachosha, ila naona ni wa haki, kwani wapo watoto wenye wazazi hai waliowahi kupitishwa kama yatima.

Kwa kuwa uasili ulikamilika hukohuko, nasi tulikwisha kumwona mtoto kabla ya hukumu, alipewa viza ya IR-3, ambayo kwa Sheria ya Uraia wa Mtoto ya 2000 ilimfanya raia mara tu alipoingia nchini. Kwa viza ya IR-4, ya mtoto ambaye uasili wake haujakamilika, angeingia kama mkazi wa kudumu, nasi tungelazimika kukamilisha uasili huku. Cheti cha uraia kililetwa kwa posta. Pasipoti tulimwombea wenyewe.