Nimerudi Unguja, na Naulizwa Trinidad Kuna Nini

Toka nirudi Unguja haipiti wiki sijaulizwa kuna nini huko Trinidad, kisiwa cha Karibi nilikokaa, hata watu wavuke bahari kukifuata. Wanaouliza sana ni watu wa kazi ya utalii, na hapa kwetu ni nani asiye na ndugu katika kazi hiyo? Mtoto wa ami yangu anatembeza wageni, leo mashamba ya viungo, kesho Jozani, keshokutwa Nungwi. Yeye hakusubiri hata nipumzike. Tumo garini tunatoka uwanja wa ndege, ananiambia: "Dada, niambie kweli. Bahari yao inaishinda yetu?"

Haiishindi. Sehemu kubwa ya pwani ya Trinidad maji yake yana rangi ya udongo, maana Venezuela iko ng'ambo tu, kilomita 11 pale palipokaribiana zaidi, na mto Orinoco humwaga tope lake baharini upande wa kusini. Mchanga mweupe na matumbawe viko kisiwa cha pili cha nchi hiyo, Tobago, na anayetaka kulala ufukweni huenda huko. Trinidad yenyewe inaishi kwa mafuta na gesi. Nami naona jibu la suali la ndugu yangu linaanzia hapo: kwa kuwa nchi haikuwahi kumtegemea mtalii kwa chakula chake, hakuna aliyekaa akabuni kitu cha kumwonesha. Watu walishughulika na mambo yao, kwa raha zao na kwa imani zao, na mgeni akaja akayakuta.

Wenyewe ni akina nani? Wahispania walikitwaa kisiwa baada ya Columbus kukifikia 1498, na wenyeji wa asili wakaumia vibaya. Mwaka 1783 mfalme wa Hispania alifungua mlango kwa walowezi Wakatoliki, wakaja Wafaransa kutoka visiwa jirani na watumwa wao Waafrika. Mwaka 1797 Waingereza wakakiteka. Utumwa ulipokwisha kabisa, Agosti 1838, wenye mashamba ya miwa walitafuta mikono mingine, na tarehe 30 Mei 1845 meli iitwayo Fatel Razack ikatia nanga na Wahindi wa mkataba, yaani vibarua waliofungwa kwa mkataba wa kazi. Mpaka safari hizo zilipositishwa 1917, walikwisha kuletwa Wahindi wapatao 144,000. Ongeza Wachina, Wareno wa Madeira, na baadaye wafanyabiashara kutoka Syria na Lebanon. Leo ni watu kama milioni 1.4, na kwa sensa ya 2011 wenye asili ya India walikuwa asilimia 35, wenye asili ya Afrika asilimia 34, na waliochanganya damu asilimia 23.

Mzanzibari hashangai kuona watu wa asili mbalimbali mtaa mmoja. Mimi kilichonishika, nilipokwenda kusoma chuo kikuu cha St. Augustine na baadaye nilipofanya kazi Port of Spain, ni namna mtu wa huko anavyoingia katika shughuli ya mwenzake kwa mikono yake miwili. Hatazami kutoka kizingitini. Anabeba, anasukuma, anapika.

Niseme habari ya ngoma ya pipa, ile wenyewe waiitayo pan, kwa sababu ndiyo niliyoipenda kuliko vyote. Watawala wa kikoloni waliiogopa ngoma ya ngozi. Mwaka 1881 polisi walipambana na watu wa Port of Spain usiku wa Kanivali, sherehe yao ya mitaani, na miaka michache baadaye sheria ikazibana ngoma. Watu wakakata mianzi wakawa wanaigonga chini ipate sauti. Polisi wakaisumbua na hiyo. Ilipofika miaka ya 1930, vijana wa mitaa ya mafukara kama Laventille walianza kupiga makopo, vifuniko vya madebe ya taka, hatimaye mapipa ya mafuta, wakagundua kuwa chuma kikipondwa vizuri kinatoa noti za muziki. Winston "Spree" Simon na Ellie Mannette ni katika majina yanayotajwa kwa heshima. Wakati ule waungwana wa mji waliwaita wahuni. Mwaka 1951 bendi ya pan iitwayo TASPO ilikwenda London ikapiga mbele ya Waingereza, na watu nyumbani wakaanza kuitazama pan kwa jicho jingine. Mwaka 1992 ikatangazwa kuwa ala ya taifa, na Januari 2025 Bunge likapitisha sheria ya kuziondoa meli za Columbus katika nembo ya taifa na kuiweka pan mahali pake. Nilipoisikia habari ile nililia. Si nchi yangu, lakini nililia.

Ukimwona fundi akiitengeneza utakaa siku nzima. Anachukua pipa la lita mia mbili na kitu, anauponda upande wake wa chini kwa nyundo kubwa mpaka ubonyee, anachora mahali pa kila noti, anakata pipa, anautia moto, kisha anachukua nyundo ndogo. Hapo kelele zote zinakoma. Anapiga mara moja, anainamisha sikio, anapiga tena kwa upande wa pili, mpaka sauti ikae.

Kuanzia Januari kila bendi hufanya mazoezi katika ua wake mpaka usiku wa manane: Renegades wako Charlotte Street, Phase II Pan Groove wako Woodbrook. Geti liko wazi. Wengi wa wapigaji hawasomi noti za kuandikwa. Mpangaji wa muziki anawafundisha kipande kwa kipande, wanarudia mpaka mikono ikariri, na bendi kubwa ina wapigaji hata mia na ishirini. Daktari yumo, mtoto wa skuli yumo, fundi wa gereji yumo. Mgeni anakaa kwenye benchi na bibi zao wanaouza chakula. Kisha yanakuja mashindano ya Panorama, yaliyoanza 1963, katika uwanja wa Queen's Park Savannah. Mapipa huwekwa kwenye fremu za chuma zenye magurudumu na paa, nzito kweli, na hazisukumwi na gari ila na watu. Nilikuwa nimesimama pembeni natazama, mama mmoja wa makamo akanigeukia: "Usisimame hapo, mwanangu, shika chuma." Nikashika. Kulia kwangu alikuwa kijana wa Kihindi kutoka Chaguanas, kushoto mtalii wa Kijerumani aliyelowa jasho, na nyuma yetu bendi inapiga huku tunasogea. Mtu aliyesukuma ile fremu hasemi tena kwamba alikwenda kuangalia. Anasema bendi yetu ilishika nafasi ya ngapi.

Kanivali yenyewe ni Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu. Alfajiri ya Jumatatu, bado giza, watu hujipaka matope, rangi na mafuta wakaingia mitaani. Hapo tajiri na maskini hutawatofautisha. Jumanne ndiyo siku ya mavazi ya manyoya na shanga yanayoonekana kwenye picha zote. Maoni yangu ni kwamba mavazi ya vikundi vikubwa vya Kanivali yamekuwa ghali mno na yanafanana mno, na mwenyeji wa kipato kidogo anasukumwa pembeni. Uzuri wa kweli nimeuona kwa wale wa kale: watembea kwa miti mirefu waitwao moko jumbie, na mashetani ya buluu ya Paramin, kijiji cha milimani, wanaoshuka barabarani wakipiga makopo ya biskuti.

Sasa Hosay, maombolezo ya Muharram ya kifo cha Imam Husein. Sisi tunaoujua msafara wa Ashura wa Makhoja wa Mji Mkongwe tutaielewa haraka zaidi kuliko wengine. Wahindi wa Kishia waliileta huko, na katika mtaa wa St. James, Port of Spain, familia chache bado hutengeneza tadjah, mfano wa kaburi la Imam Husein, kwa mianzi na karatasi za kung'aa, kazi ya wiki nyingi inayofanywa kwa nidhamu ya kujizuia. Hubebwa mifano miwili mikubwa ya mwezi iliyotengenezwa kwa mbao, mmoja mwekundu na mmoja wa kijani, kwa Husein na Hasan, na wapiga ngoma za tassa huwasha moto kando ya njia wakaze ngozi. Mwishoni tadjah hutoswa baharini. Waafrika Wakristo wanapiga tassa, Wahindu wanasukuma tadjah. Mwaka 1884 serikali ya kikoloni ilipowakataza watu wa Hosay kuingia mjini San Fernando na wao wakaingia, polisi waliwafyatulia risasi, wakafa watu wasiopungua 16. Wako Waislamu wa huko huko wanaoipinga Hosay, wanasema imekuwa sherehe barabarani na pombe kando yake. Mimi ni Muislamu na hoja yao naielewa. Lakini nilisimama usiku mbele ya ua wanamotengenezea tadjah, nikawaona wazee wanavyogusa kazi ya mikono yao kabla haijatoka, na heshima ile haikuwa ya kuigiza.

Kusini, Siparia, kanisani kuna sanamu ya Bikira Maria mweusi. Wakatoliki humwita La Divina Pastora. Wahindu humwita Sipari Mai, na kila Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu humiminika kwa maelfu na mafuta, mchele na watoto wa kunyolewa nywele za kwanza. Padri hawafukuzi. Nimeishi katika nchi nyingine na sijaona kitu kama hicho.

Na yuko Siewdass Sadhu. Alikuwa kibarua wa miwa, alijenga hekalu dogo ufukweni Waterloo, kumbe ardhi ni ya kampuni ya sukari. Mwaka 1952 hekalu likabomolewa, naye akafungwa siku 14 na kutozwa faini. Alipotoka alisema bahari haina mwenyewe, akaanza kujenga ndani ya maji: mawe na saruji kwa baiskeli, maji yakijaa anangoja, yakitoka anamwaga tena. Alifanya hivyo kwa miaka mingi. Baada ya kufa kwake mawimbi yalikula sehemu ya kazi, serikali ikalimalizia 1995, na sasa unalifikia kwa njia nyembamba ya zege huku bendera za rangi zikipepea kando. Mabasi ya watalii yanakuja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akilini mwa yule mzee.

Chakula nitakipitia, maana ami yangu akisoma atasema nimekaa huko kwa ajili ya tumbo. Asubuhi mji mzima unakula doubles wima barabarani: vimkate viwili laini vya kukaanga, dengu za mchuzi, tango, ukwaju, pilipili. Muuzaji hakuulizi jingine ila pilipili kidogo au nyingi. Sikukuu ya Idi, ambayo ni mapumziko ya nchi nzima, majirani wasio Waislamu hubisha hodi kufuata sawine, nazo ni tambi za maziwa na zabibu kavu, zile zile za mama yangu. Siku ya Divali ni majirani Wahindu wanaokuletea wewe sinia. Katika kijiji cha Felicity taa za udongo zinapangwa kwenye mianzi iliyopindwa kando ya barabara zote, na wageni hutembea humo mpaka usiku, wakipewa peremende na watoto wa nyumba wasizozijua.

Wapo pia wanaofuata viumbe. Ndege wekundu wa Caroni hurudi kulala jioni kwenye mikoko, na huko Grande Rivière na Matura kobe wakubwa wa baharini hupanda kutaga kuanzia Machi hadi Agosti. Matura walinzi na waongozaji ni wanakijiji wenyewe, na kobe waliokuwa wakichinjwa usiku sasa wana watu wa kuwakesha.

Nisiwadanganye, lakini. Siasa za huko bado zimegawanyika kwa asili: chama hiki cha Waafrika, kile cha Wahindi, na wakati wa uchaguzi maneno machungu yanatoka hata kwa rafiki. Bunduki zimeua vijana wengi, na mitaa mingine hata mwenyeji haingii usiku. Wanaocheza pamoja Jumanne hawakuondoa hayo Jumatano.

Ndugu yangu alinisikiliza yote akaniuliza: sasa sisi? Nikamwambia ninachokiona. Ngoma zetu tumezipeleka hotelini, kikundi kinapewa nusu saa kando ya bwawa la kuogelea wageni wakiwa wanakula. Siwalaumu wapigaji, wanalisha watoto. Lakini msewe haukuzaliwa kupigwa kwa migongo ya watu. Wakati huo huo vikundi vya taarab tunavyo, Nadi Ikhwan Safaa wapo toka 1905, Culture wapo Vuga, na Makunduchi kila Julai wanakoga mwaka, ndiyo Mwaka Kogwa: wanaume wanapigana kwa mabua ya migomba, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanaimba bila kumwonea mtu haya. Tena mila yenyewe inataka kila nyumba siku ile iwe na mgeni. Nani ametuzidi hapo?

Akanijibu jambo la busara. "Nikiwapeleka wengi, hoteli watataka Mwaka Kogwa kila Jumamosi." Nikamwambia Trinidad tarehe ya Kanivali inatoka kwenye kalenda ya kanisa, ya Hosay kwenye mwezi wa Muharram, na haijasogezwa kwa ajili ya ndege ya mtu. Mtalii ndiye anayebadilisha tiketi. Tukabishana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho amekubali Julai hii kuchukua wageni sita, wasizidi, walale Makunduchi nyumbani kwa shangazi, wale kinachopikwa. Shangazi ameshasema atapika kwa sharti moja, kwamba wageni wanawake wakune nazi pamoja naye.