Mpingo, klarineti na kibali cha CITES

Mpingo, Dalbergia melanoxylon, uko Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017; yaani husafirishwa nje kwa kibali. Tangu Novemba 2019, ala za muziki zilizokamilika, pamoja na vipuri na vifaa vyake vilivyokamilika, hazihitaji kibali hicho. Klarineti nzima inapita.

Vipande vya mbao vilivyokatwa ili vikachongwe klarineti Ulaya ni kitu kingine: hivyo ni malighafi, hata vikiwa vimetobolewa katikati. Omba kibali cha kusafirisha nje kabla ya kufunga mzigo, maana kibali kinachotolewa baada ya mzigo kuondoka kwa kawaida hakikubaliwi. Kinadumu miezi 6. Forodha wagonge muhuri wakati wa kutoka. Bila muhuri, mzigo hukwama unakofika.

Kwenye ankara andika jina la kisayansi. Neno “mbao nyeusi” peke yake humfanya ofisa ashuku.

Gitaa la zamani la Dalbergia nigra ya Brazil halina msamaha huo. Mti huo uko Kiambatisho cha I, orodha kali zaidi ya CITES, tangu 1992. Mwanamuziki anayesafiri nalo bila kuliuza aombe cheti cha ala ya muziki, kinachodumu hadi miaka 3. Kagua pia pembe za ndovu kwenye ala kuukuu: msamaha wa mbao hauzigusi kabisa.