Wiki ya 9: kumbe kikwazo kilikuwa mwisho wa mstari

Kitabu cha kwanza chenye sura kimemalizika! Kurasa 48, sura 8, siku 6, bila kusukumwa. Msomaji ni mwanafunzi wa darasa la tatu, miaka 9, anayejua kusoma vizuri tu lakini hufunga kitabu chochote kisicho na picha kila ukurasa. Kabla ya hiki vilipita vitabu 11, na 8 kati yake vilirudi rafuni kabla ya ukurasa wa 10. Mpango wa vitabu 12 kwa wiki 12 nimeuacha. Tulikuwa tunabadilisha vitabu wakati kilichomkwamisha ni jinsi maneno yanavyokatwa pembeni mwa ukurasa.

Pengo la vitabu kila mwenye mtoto wa umri huu analijua. Hadithi za picha za kurasa 16 hadi 24 zipo, na zile zilizotoka kupitia Mradi wa Vitabu vya Watoto tangu mwaka 1991 ndizo zilizombeba hatua za mwanzo. Riwaya za vijana nazo zipo. Katikati hapo, kwenye hadithi ya kurasa 40 hadi 60 yenye sura fupi, ndipo unapotafuta mpaka unachoka.

Kipimo cha kwanza ambacho bado nakiamini ni urefu wa sura, si unene wa kitabu. Mtoto anayesoma maneno 50 kwa dakika anamaliza sura ya maneno 500 kwa dakika 10. Sura ya maneno 1,400 inamchukua dakika 28. Ataikatiza katikati, na kesho yake hakumbuki nani alikuwa akisema na nani. Cha pili ni maneno mangapi yanapita kabla mtu wa kwanza hajafungua mdomo au kufanya jambo. Vitabu vitatu kati ya vilivyorudi vilianza na maelezo ya kijiji, milima na hali ya hewa, maneno zaidi ya 300, hakuna aliyesema kitu. Hapo msomaji mzito ameshaondoka.

Halafu kuna uzito wa neno la Kiswahili. Vipimo vingi vya kupanga vitabu vya Kiingereza hutegemea, pamoja na mengine, idadi ya maneno katika sentensi, na kwetu hesabu hiyo inapotosha. “Hawakumsikiliza” ni sentensi kamili ya neno moja, silabi 8. Kwa kuhesabu maneno tu, ni rahisi kuliko “Paka yuko juu ya meza.” Kwa hiyo nahesabu silabi: nachukua maneno 100 ya katikati ya kitabu, na yale ya silabi 6 na zaidi yakivuka 10, kitabu kinasubiri miezi kadhaa.

Sasa kile kilichonisumbua wiki tano. Vitabu vilivyopita vipimo vyote vitatu bado vilikataliwa. Kibaya zaidi, neno lilelile alilolisoma bila shida ukurasa wa 3 lilimkwamisha ukurasa wa 5. Msamiati haukuwa tatizo, maana neno alikuwa nalo. Nilidhani ni uchovu, nikabadilisha saa ya kusoma kutoka jioni kwenda asubuhi. Haikusaidia. Nikadhani ni taa. Wapi!

Kilichofumbua fumbo ni penseli. Toa fotokopi ya kurasa 4, mtoto asome kitabu chenyewe, wewe ukae na fotokopi yako pembeni na kila anapokwama uweke nukta. Usimrekebishe wala usiongee. Zilitoka nukta 34. Ukizitazama kwa mbali karatasi inajieleza yenyewe: 21 zimejipanga pembeni, kwenye neno la mwisho wa mstari au la kwanza la mstari unaofuata. Na karibu zote ni maneno yaliyokatwa kwa kistari.

Yamekatwaje? “Wanyama” limekatwa wan-, mstari unaofuata yama. “Kunyang'anywa” limekuwa kun-, halafu yang'anywa. “Aliwatangazia” limekuwa aliwatan-, halafu gazia. Programu iliyopanga kurasa ilikata kwa kanuni za lugha nyingine. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu: wa-nya-ma, ku-nya-ng'a-nywa, a-li-wa-ta-nga-zi-a. Mtoto aliyefundishwa ba be bi bo bu, kisha nya nye nyi nyo nyu, hajawahi kuona “wan” peke yake. Anaitamka, anasubiri, anashuka mstari wa chini, anakuta “yama”, na sauti ya ny imeshapotea. Anarudi juu. Akirudi juu mara mbili kwenye ukurasa mmoja, amechoka. Akirudi mara sita, kitabu ni kibaya, na ana haki. Inaniuma kwamba mtoto huyu aliitwa mvivu wa kusoma kwa sababu ya kistari kilichowekwa pasipo pake.

Mistari iliyonyooshwa pande zote mbili inaongeza taabu. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo mstari wenye maneno manne unavutwa mpaka mapengo yanakuwa kama mifereji. Vistari visipowekwa, mapengo yanapanuka; vikiwekwa, maneno yanakatika.

Kipimo cha dukani au maktaba basi ni hiki, na ni cha dakika moja: fungua kurasa tatu popote, pitisha kidole ukingo wa kulia kutoka juu hadi chini, hesabu vistari. Kikiwa kimoja au viwili, sawa. Vikiwa vitano na zaidi, rudisha. Kama hadithi ni nzuri mno kuiacha, chukua penseli laini na uandike neno zima juu ya kipande cha kwanza, kisha piga mstari mwepesi juu ya kipande cha pili. Kitabu cha kurasa 60 kinakula kama saa moja. Kwa kitabu cha maktaba, tumia vikaratasi vya kubandika.

Kitabu kilichomalizika kilitengenezwa nyumbani. Tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina hadithi za Kiswahili zenye leseni huria, ambazo unaruhusiwa kuzipanga upya ukitaja mwandishi, mchoraji na mfasiri, na kusema umebadilisha nini. Soma leseni ya kila hadithi, na kitabu chenye hakimiliki ya kawaida usikiguse. Nilichukua hadithi 8 za Sungura na Fisi, kila moja ikawa sura. Wahusika ni walewale, visa vinajitegemea, kwa hiyo aliyeruka siku moja hapotei. Soma kwanza kwa sauti. Tafsiri nyingine zimekauka, ukizisikia tu unajua.

Angalia pia hadithi imeandikwa kwa Kiswahili cha wapi. Ya Kenya ikisema “nyanya alimkumbatia”, mtoto wa Dodoma anaona nyanya ya kachumbari. Na “bibi yake” huko huweza kuwa mke wake, huku ni mama wa mzazi. Stima na umeme, gredi na darasa, hayo anayamudu akielezwa mara moja. Nyanya ilimtoa kabisa kwenye hadithi.

Upangaji: LibreOffice (programu ya bure ya kuandikia), ukurasa wa A5, ukataji wa maneno umezimwa, maandishi yamepangwa kushoto, ukingo wa kulia umeachwa bila kunyooshwa. Fonti ya 15, nafasi ya mistari 1.5. Unapata kama maneno 130 kwa ukurasa, yaani sura ya maneno 500 inaingia kurasa 4 na nafasi ya mchoro mmoja mdogo. Kurasa ziwe zinagawanyika kwa 4: 48 ni karatasi 12 za A4. Wakati wa kuchapa pande mbili, chagua kugeuza kwa upande mfupi, la sivyo nusu ya kurasa zitakaa kichwa chini; steshenari ya kwanza iliharibu seti nzima kwa kosa hilo, kwa hiyo sasa naomba karatasi moja ya majaribio kabla ya zote. Stepla ya kawaida haifiki katikati. Toboa matundu matatu kwa msumari mwembamba, shona kwa uzi mnene ukianzia tundu la kati. Ukikunja, karatasi za ndani zitachomoza kidogo. Zikate kwa wembe na rula ya chuma.

Kuhusu vifaa vya kufuatilia mstari: rula chini ya mstari siipendi tena. Inaficha mstari unaofuata, na hapo ndipo jicho linapotakiwa kutua. Kadi ya kufunika mistari iliyokwisha kusomwa, ikishuka kutoka juu, inafanya kazi vizuri zaidi. Simu hapana. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ni hazina, lakini kurasa za PDF kwenye kioo kidogo zinahitaji kusogezwa kulia na kushoto, na hilo ni tatizo lilelile la mwisho wa mstari kwa sura nyingine.

Hatua ya kurekodi sura kwa sauti, iliyokuwa ianze wiki ya 10, imesogezwa, maana limeingia wazo jingine: kuhamisha maneno 60 ya mwisho ya kila sura yaanze sura inayofuata, ili sura ikatike Fisi akiwa ameshika kifuniko cha chungu na bado hajakifunua. Sura ya 1 na ya 2 za kitabu cha pili zimeshakatwa hivyo, na juzi mtoto aligeuza ukurasa mwenyewe. Sura ya 3 haikubali. Kisa chake kinaisha mapema mno, na maneno 60 ya mwisho ni Sungura kulala. Nitaitafutia hadithi nyingine kabla ya kupeleka karatasi 10 kuchapa Jumamosi.